Ngoma Nayo Iandikwe

"Ngoma haiandikwi." Sentensi hii fupi nimeisikia kwa watu wa namna tatu, na kila mara imesemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Nimeisikia kwa walimu wa kwaya, ambao wanaona fahari kusoma nota za Handel lakini wakifika mahali pa ngoma humwambia kijana, "Wewe piga tu." Nimeisikia kwa wasomi wa utamaduni, ambao husema kwamba ngoma ni uhai na karatasi ni kaburi. Na nimeikuta ndani ya programu za kompyuta za kuandikia muziki, ambazo hazina mdomo lakini zinaisema kwa jinsi zilivyotengenezwa. Watu hawa hawajuani, na pengine wakikutana hawatapendana. Kazi yao lakini ni moja, nami nakusudia kuwapinga wote watatu.

Kwanza nieleze madhara, maana mtu asiyeona madhara atadhani nalumbana kwa kupenda malumbano.

Nilifundisha chuo cha ualimu kwa miaka mingi kabla sijawa mkuu wa chuo, na muziki ulikuwa mojawapo ya masomo yangu. Mwanachuo aliyejua kuimba kwa solfa alipata alama. Aliyejua kusoma nota za mistari mitano alipata alama zaidi. Aliyeweza kushika ngoma kubwa na kuwafanya watu sitini wanyanyue mguu pamoja na kuushusha pamoja alipata makofi siku ya mahafali, na kwenye karatasi ya mtihani hakuwa na mahali pa kuandikwa. Walimu hao walikwenda kufundisha shule za msingi, na kila mmoja alifundisha kile alichopimwa. Sioni ajabu yoyote hapo. Mwalimu hufundisha kilichomo kwenye mtihani, na mtihani huuliza kinachoweza kuandikwa.

Miaka ya karibuni mambo yamehamia kwenye kompyuta. Kamati moja ya mashindano ya kwaya, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitaka kila mtunzi apeleke wimbo wake ukiwa umechapwa kwa programu ya muziki. Kijana mmoja niliyemfundisha chuoni alikuwa na wimbo unaobebwa na ngoma tatu. Waimbaji wanaingia pale tu ngoma ndogo inapowaachia nafasi, kisha wananyamaza ili ngoma kubwa ijibu. Sauti nne alizichapa vizuri. Ngoma zilimshinda, kwa sababu programu aliyokuwa nayo ilimpa ngoma za bendi ya dansi na matasa ya shaba, akakataa kuandika uongo. Alizichora kwa mkono katika visanduku na kuiambatanisha karatasi hiyo. Ilirudishwa ikiwa na maneno "haihusiki". Wimbo ukahukumiwa bila ngoma, na waamuzi wakaandika kwamba mapumziko ya waimbaji ni mengi mno pasipo sababu. Sababu ilikuwa kwenye karatasi waliyoirudisha!

Sasa niwaendee wale wasomi wa uhai na kaburi. Hawa nawaheshimu kuliko wenzao, kwa kuwa hoja yao ina ukweli. Hakuna aliyepata kujifunza ngoma kwa kusoma. Mikono hujifunza kwa kukaa karibu na mikono mingine, na fundi wa ngoma humfundisha kijana kwa mdomo kwanza, akimtamkia mdundo mpaka umkae kichwani, ndipo amruhusu kugusa ngozi. Lakini wimbo nao haukufundishwa na karatasi. Ulifundishwa na mwalimu aliyesimama mbele na kijiti chake, akirudia mstari ule ule mpaka besi wakaacha kuburuza. Karatasi ilikuwepo ili kesho, au mwakani, au mwalimu yule akishahamishwa, mtu mwingine aweze kuanza pale alipoishia. Hakuna aliyesema kwamba kwaya zetu zilikufa siku zilipoandikwa. Kwa nini basi ngoma ndiyo iambiwe kwamba kalamu itaiua?

Anayetaka kujua kinachoiua ngoma na aende Buganda. Katika ikulu ya Kabaka pale Mengo kulikuwa na ngoma zinazoitwa entenga. Zilikuwa 15. Kumi na mbili kati yake zilitengenezwa kila moja iwe na sauti yake kama vibao vya marimba, zikapigwa na watu wanne, na tatu zilizobaki zikapigwa na watu wawili. Watu sita walikuwa wanapiga wimbo mmoja kwa ngoma tupu, kila mmoja akitumbukiza mapigo yake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake. Ulikuwa muziki wa ikulu, haukuchezwa kila kona ya mji, na waliojua kuupiga walikuwa wachache. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Obote yaliishambulia ikulu hiyo. Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni, ngoma nyingi za kifalme zikaharibiwa, na wapigaji wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zilifutwa, na hazikurudishwa mpaka mwaka 1993. Hesabu miaka hiyo, ndugu msomaji, kisha hesabu umri wa mpigaji aliyekuwa mtu mzima mwaka 1966.

Kilichookoka kiliokokaje? Kwa kumbukumbu za wazee waliosalia, kwa kanda za watu kama Hugh Tracey, aliyepita Uganda na mashine zake za kurekodi miaka ya mwanzo ya 1950, na kwa maandishi. Nyimbo za entenga zina undugu wa karibu na nyimbo za amadinda, ile marimba kubwa ya Waganda, na amadinda ilibahatika kupata waandishi. Joseph Kyagambiddwa, Mganda mwenyewe, alichapisha kitabu chake juu ya muziki wa kwao mwaka 1955. Baadaye Gerhard Kubik wa Austria alikaa chini ya Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu, akajifunza na kuandika nyimbo nyingi kwa tarakimu, moja hadi tano, kila tarakimu ikiwa na kibao chake. Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya ikulu kuvunjwa anaweza leo kuchukua tarakimu zile, akazipeleka kwa mzee, mzee akasema, "Hapa sawa, hapa hapana." Mali bila daftari hupotea bila habari, sioni kwa nini methali hii iwahusu wenye maduka peke yao.

Naongeza jambo moja ili nisieleweke vibaya. Zipo ngoma za unyago na za matambiko ambazo wenyewe hawataki zitoke nje ya ua wao. Hilo liheshimiwe. Mwenye mali ndiye mwenye daftari, naye ana haki ya kulifunga. Ninachokataa ni mtu asiyekuwa mwenye mali kusema kwamba daftari lenyewe haliwezekani.

Nije kwenye programu, maana hapa ndipo kizazi cha sasa kinapoandikia, na kisichoingia humo kitaonekana hakipo.

Mistari mitano ilibuniwa ijibu swali la kwanza la mwimbaji: sauti iende juu au chini kiasi gani? Swali la kwanza la ngoma ni jingine. Mkono umetua wapi, katikati ya ngozi au ukingoni? Ni kiganja kizima au ni vidole? Umeondoka mara moja ili ngozi ilie, au umebaki pale ili sauti ifumbwe? Ni mkono wa kulia au wa kushoto, na ule mwingine ulikuwa unafanya nini wakati huo? Muziki wa bendi ulikwepa maswali haya kwa kuigeuza mistari mitano kuwa rafu za kabati: ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu ikawekwa nafasi ya chini, ile ndogo yenye nyaya nafasi ya tatu, matasa yakakaa juu kwa alama ya msalaba. Kwa bendi inatosha, kwa sababu kila chombo kina kazi moja au mbili. Kwa ngoma ya mkono yenye mapigo sita au saba juu ya ngozi moja, kabati linajaa kabla hujaweka ngoma ya pili.

Nyuma ya rafu hizo kuna orodha. Mwaka 1991 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana kuhusu jambo wanaloliita General MIDI, ili kinanda cha kampuni moja kielewane na cha nyingine. Njia ya 10 ilitengwa kwa ajili ya vyombo vya kupigwa, na kila sauti ikapewa namba, kuanzia 35 hadi 81. Ni sauti 47 kwa jumla. Zisome ujionee mwenyewe. Zimo ngoma za bendi na matasa yake, zimo bongo, timbale, agogo, kabasa, maraka, filimbi mbili, kuika ya Brazili na pembetatu ya chuma. Konga imepata namba tatu: namba 62 ni ile ya sauti ya juu ikiwa imefumbwa, 63 ni hiyo hiyo ikiwa wazi, na 64 ni ya sauti ya chini. Basi. Ngoma ya mkono inayojulikana kuliko zote katika orodha ile imepewa mapigo mawili kwa ngozi moja na pigo moja kwa ngozi ya pili.

Mtu atasema orodha ile haikuwa na ubaguzi, kwani agogo ni neno la Kiyoruba na konga ni mjukuu wa ngoma za Kongo zilizovuka bahari pamoja na watumwa. Nakubali. Ila waangalie waliingia kwa mlango gani. Waliingia kwa mlango wa dansi ya Kuba na Brazili, ambayo sahani zake ziliuzwa Marekani, hata sisi huku tukazicheza rumba mpaka alfajiri. Ndugu zao waliobaki nyumbani, msondo, vumi, chapuo, muheme wa Wagogo, ngoma za Burundi ambazo UNESCO yenyewe iliziingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2014, hawakuwa na sahani ya kuwapeleka sokoni. Ile ilikuwa orodha ya soko. Tatizo ni kwamba imekuwa ikitumika kama orodha ya ulimwengu kwa zaidi ya miaka 30, na programu nyingi za kuandikia muziki zimejengwa juu yake.

Wala tusidhani ni Afrika tu inayodharauliwa. Ngoma yenyewe ndiyo iliyowekwa nyuma ya foleni, hata kwao. Mfano mzuri ni programu inayoitwa Dorico. Waliyoitengeneza ni mafundi wa London waliokuwa wakiitengeneza Sibelius mpaka mwaka 2012, ofisi yao ilipofungwa, wakachukuliwa na kampuni ya Steinberg. Hakuna watu waliokuwa na uzoefu kuwazidi. Walipoitoa Dorico kwa mara ya kwanza, Oktoba 2016, kinanda kilikuwemo, fidla zilikuwemo, waimbaji walikuwemo. Uandishi kamili wa vyombo vya kupigwa visivyo na sauti za ngazi ulifika katika toleo la 1.2, Desemba 2017. Mwaka mzima na zaidi! Jengo lilifunguliwa kwa sherehe na mpiga ngoma akaambiwa asubiri nje, chumba chake hakijaezekwa.

Lakini nitawatendea haki, kwa sababu walipokiezeka walikiezeka vizuri, na hapa ndipo penye somo letu. Katika programu ile kila ngoma ni chombo kamili chenye orodha ya namna zake za kupigwa, na kila namna ina alama yake. Kisha ngoma zile zile unaweza kuzionyesha kwa mistari mitano, au kila moja kwenye mstari wake peke yake, au zote katika wavu wa mistari yenye majina pembeni. Hubadilishi muziki, unabadilisha sura tu. Kwa maneno mengine, walikubali kwamba pigo ndilo linalotangulia na mstari unafuata. Hiyo ndiyo kanuni ninayoipigania, na imekwisha kuthibitika kwamba kompyuta inaiweza. Anayesema haiwezekani amechelewa.

Kwa hiyo swali limebadilika. Zamani tuliuliza kama mashine inaweza. Sasa mashine inatuuliza sisi: ngoma yenu ina mapigo mangapi, na yanaitwaje? Hapo ndipo tunaponyamaza.

Wahindi hawakunyamaza. Tabla yao ina majina ya mapigo, na, tin, ge na mengine, na mapigo mawili yakigonga pamoja yana jina lake, kama dha, ambalo ni mkono mmoja juu ya ngoma ndogo na mwingine juu ya ngoma kubwa kwa wakati mmoja. Mtoto wa Kihindi hutamka wimbo mzima wa ngoma kabla hajaupiga, na anayetaka kuuandika huandika maneno yale yale. Waarabu wana dum na tak, na mpiga dumbaki wa taarabu pale Unguja anayajua hayo. Wamarekani nao waliketi mwaka 1984 katika chama chao cha wapigaji wakakubaliana juu ya mazoezi 40 ya msingi ya ngoma ya vijiti, kila moja na jina lake. Jembe ya Guinea na Mali inaandikwa leo Ulaya nzima kwa mapigo matatu, ya katikati, ya wazi na ya kupasua, kwa sababu mafundi kama Mamady Keïta, aliyefariki mwaka 2021, waliamua kuyataja na kuyafundisha kwa utaratibu. Hata alama zenyewe zinazochorwa na kompyuta zina orodha yake, iliyoanzishwa na Steinberg mwaka 2013 na kuitwa SMuFL. Humo mna picha za fimbo za kupigia, laini na ngumu, zikielekea juu na zikielekea chini. Kila picha imo kwa sababu kulikuwa na wapigaji walioitumia kwenye karatasi zao kwanza.

Sisi tuna mafundi. Majina hatujayakusanya. Nani atayakusanya kama si walimu? Tuna wanavyuo wanaotoka kila wilaya, ambao babu na shangazi zao ndio wapigaji wenyewe, na tunawarudisha nyumbani likizo bila hata swali moja la kwenda kuuliza.

Wapo wanaosema, "Mwalimu, hata tukikusanya, ni programu gani itatusikiliza?" Nawajibu kwamba hawajaifungua iliyo mbele yao. MuseScore haiuzwi; Mjerumani Werner Schweer aliianzisha mwaka 2002, na leo walimu wengi wa kwaya ninaowafahamu wanaitumia kwa sauti nne. Ndani yake kwa miaka mingi kumekuwa na ukurasa wa kutengeneza seti ya ngoma. Kila pigo unalipa namba, jina, umbo la kichwa cha nota, mahali pa kukaa na kitufe cha kuliingizia. Jina si lazima liwe la Kizungu. Unaweza kuandika kwa Kigogo au Kimakonde na mashine haitalalamika. Seti hiyo unaihifadhi kama faili na kumpa mwenzako. Mwaka 2025 toleo la 4.5 lililetwa na namna mpya kabisa ya kuingiza mapigo, iliyo rahisi kuliko ya zamani. Na maandishi ya ndani ya programu hiyo yako wazi: kijana wetu aliyesoma kompyuta anaruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kupeleka mabadiliko yake yakaguliwe. Ipo pia LilyPond, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, ambayo mtu huiandikia muziki kwa maneno kama anavyoandika barua, na huko unaweza kubuni majina yako ya ngoma na jedwali lako la alama. Wanaopenda programu za kununua wakumbuke yaliyoipata Finale. Ilitoka mwaka 1988, ikatumiwa na watunzi dunia nzima, wa kwetu wakiwemo, na Agosti 2024 wenye kampuni wakatangaza kwamba hawataiendeleza tena. Watu walikuwa na nyimbo za miaka ishirini ndani ya mafaili yake.

Hata hivyo sitaki kuwafunika watengenezaji kwa blanketi la sifa. Yako mambo ambayo bado nawadai, na nayasema kwa kuwa nimeyapima kwa kazi ya kwaya.

Nadai visanduku viwe sura kamili ya kuonyesha muziki, vyenye heshima sawa na mistari mitano. Visanduku si mchezo wa watoto. Philip Harland alianza kuvitumia katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, miaka ya 1960, na James Koetting akavieleza katika makala ya mwaka 1970 juu ya ngoma za Afrika Magharibi. Tazama kengele ya Waewe wa Ghana na Togo. Chora visanduku 12, weka alama katika cha 1, cha 3, cha 5, cha 6, cha 8, cha 10 na cha 12, kisha rudia bila kusimama. Mtoto wa darasa la nne atakupigia baada ya dakika chache. Andika jambo hilo hilo kwa nota za mistari mitano, utahitaji nota zenye mikia, nota zenye nukta, na maelezo ya kwa nini nota moja ni ndefu ilhali chuma hakivuti sauti. Kwa mwimbaji urefu wa nota ni pumzi. Kwa kengele ni nafasi tu kabla ya pigo lijalo, na visanduku vinasema hivyo waziwazi.

Nadai pia kila ngoma iruhusiwe kuanzia mwanzo wake yenyewe. A. M. Jones, mmisionari aliyeishi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alilitambua hili zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1959 alizipa ngoma mbalimbali mistari ya kugawia mapigo mahali tofauti, hata ukurasa wake ukaonekana kama ukuta uliojengwa kwa matofali yasiyolingana. Wengine walimcheka, lakini alikuwa anajaribu kusema kweli. Mashine yake ndiyo iliyokuwa na kasoro. Aliwapa wapigaji vijiti vya shaba wagonge vibao vya chuma, na kila mgongo ukaacha alama kwenye ukanda wa karatasi unaokimbia. Alipata wakati wa kila pigo kwa uhakika mkubwa. Kiganja hakukipata, maana kibao cha chuma hakijui kiganja. Programu nyingi za leo bado ni wajukuu wa mashine ile: zinajua lini, hazijui vipi.

Hofu moja nimeisikia kwa watu wenye busara, nami ninaishiriki. Wanauliza ngoma ya nani itafanywa kipimo. Tulikwisha kupita njia hiyo katika lugha. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikaanza kazi, tulipata vitabu vya kiada na tahajia moja, na faida yake naiandikia sasa hivi. Lakini Kimvita na Kiamu, lugha za washairi wakubwa, vilisukumwa pembeni na kuitwa lahaja. Tukiiteua ngoma moja, tuseme msondo, mapigo yake yakawa ndiyo "mapigo sanifu", tutawafanyia Wagogo na Wamakonde vile vile. Kwa bahati nzuri kompyuta haitulazimishi. Karatasi ya kiwanda cha uchapaji ilihitaji herufi chache kwa gharama ndogo. Faili la seti ya ngoma halina uzito. Kila ngoma na iwe na jedwali lake, lenye majina ya wenyewe. Tunachohitaji kukubaliana ni namna ya kuandika jedwali, si yaliyomo ndani yake.

Mimi nimeanza na la karibu. Jirani yangu mmoja ni mama wa Kigogo, mpigaji wa muheme tangu usichana wake. Wenyeji wa Dodoma wanaifahamu ngoma hiyo ya wanawake, inayobanwa mapajani na kupigwa kwa mikono. Nimekaa naye jioni nyingi na daftari, naye hunivumilia. Anapiga, ananitamkia, naandika, ananisahihisha. Tumefikisha mapigo sita ambayo yana majina, na kijana wetu wa wimbo wa ngoma tatu ameyarekodi na kuyaingiza kwenye MuseScore, kila moja na sauti yake halisi badala ya sauti ya konga.

La saba limetukwamisha. Kabla ya pigo fulani la mkono wa kulia, kiganja chake cha kushoto hutua juu ya ngozi polepole na kukaa. Hakitoi sauti. Nilimuuliza hilo ni pigo gani.

"Hilo si pigo, Mwalimu," akasema. "Hapo naishika ngoma isikimbie."

"Na usipoishika?"

"Jaribu uone."

Nilijaribu, na pigo lililofuata likatoka jingine kabisa. Kijana amelipa nafasi katika jedwali, na jina amelipewa na mama mwenyewe. Ila programu inataka kila kitu kilichomo katika seti kiwe na namba ya sauti, na hiki hakina. Kwa sasa ameweka namba ambayo haikurekodiwa chochote, na ameanza kuandika barua kwa watengenezaji kuwaeleza kwa nini mkono unaonyamaza nao unahitaji alama.